Rangi ya Kucha kwenye Skrubu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimechuchumaa mbele ya injini na tochi mdomoni, naichunguza skrubu moja kama askari anavyomchunguza mtu asiye na kitambulisho. Usicheke. Nilikuwa na miaka thelathini, na nilijiona fundi hodari kuliko wote Kyela mjini.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu la zamani la Mama Tumpe, mjane aliyekuwa akinunua vyungu vya Wakisi kule Matema na kuvipeleka kwenye magulio ya Busale na Talatala. Kabureta yake ilipokufa, mimi na mwenzangu Ambakisye tuliing'oa, tukafunga mfumo wa nozeli za kupulizia mafuta tulioutoa kwenye gari lililopata ajali, pamoja na kontrol boksi yake, kile kisanduku kinachoiamulia injini inywe mafuta kiasi gani. Likawaka! Tulikumbatiana pale gerejini, mafuta machafu mpaka mashavuni. Ambakisye alikuwa rika langu, mtu wa Ngana. Tumekua pamoja na tumebatizwa siku moja.

Likabaki tatizo la sailensi, yaani mngurumo wa injini wakati mguu hauko kwenye resi. Jioni, injini ikiwa ya moto, nilikuwa naigeuza ile skrubu kidogo kidogo mpaka gari linatulia tuli. Gari linalala gerejini, vyungu vimeshapakiwa. Asubuhi Mama Tumpe akiwasha, linanguruma utadhani linataka kupaa, na akiachia klachi linaruka. Siku ya kwanza vilivunjika vyungu viwili, siku ya pili vitano, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha watu wa harusi.

Nikajiuliza, nani ana ufunguo wa gereji? Ni mimi na Ambakisye. Mimi sijagusa. Basi! Tangu hapo kila alichofanya kilikuwa na harufu. Akiwahi kazini, nasema ana jambo lake. Akichelewa, nasema ananikwepa. Akicheka na Mama Tumpe, nasema hao wananicheka mimi, huyu anataka kunichafulia jina abaki na wateja peke yake. Sikumuuliza hata neno moja. Nilimchekea, tukanywa chai, huku moyoni namwambia nitakukamata.

Nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu. (Na yeye akaanza kunidhania: "Rangi yangu unampelekea nani?" Nyumba nzima ikawa ya wapelelezi.) Nikadondoshea tone juu ya skrubu, nusu kwenye skrubu, nusu kwenye chuma kilichoishika, ili mtu akiigeuza tu, rangi ipasuke. Asubuhi gari likanguruma kama kawaida yake. Nikamulika tochi. Rangi nzima, haina hata ufa.

Mtu mwenye akili zake angesema, basi, hakuna aliyegusa. Mimi nikasema, kumbe na rangi anayo! Amebandua yangu, akapaka yake!

Nikasimama, nikamshutumu mbele ya wateja. Nikamwita mhujumu, nikamwonyesha na ile rangi niliyomtegea. Ambakisye alinitazama, akauliza swali moja tu.

"Gwamaka, tangu lini unaniwekea alama?"

"Alama tangu jana, lakini nakuvizia wiki nzima!" nikajibu, tena kwa majivuno.

Akafuta mikono, akaweka ufunguo wa gereji juu ya boksi la spana, akaondoka. Mama Tumpe akateremka kwenye gari taratibu.

"Mwanangu," akasema, "Jumamosi gari lililala kwangu. Geti nilifunga kwa kofuli, ufunguo nikalala nao. Jumapili naenda kanisani, likanguruma hivihivi. Ambakisye alikuwa Ngana kwa mama yake. Sasa niambie, alitumia mkono gani?"

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Uliniuliza? Ulikuwa unatukodolea macho tu, mpaka nikaona na mimi unanidhania."

Nilitamani ardhi inimeze. Kesho yake nililiwasha lile gari likiwa la baridi, nikakaa pembeni, mikono mapajani. Likanguruma. Nikangoja. Injini ilipopata joto, mngurumo ukashuka wenyewe, pole pole, mpaka likatulia. Kumbe ndiyo kazi ya kile kisanduku. Injini ikiwa ya baridi kinaiongezea hewa na mafuta, ikipata joto kinapunguza. Hakuna aliyekuwa anageuza skrubu usiku isipokuwa mimi kichwani mwangu. Mama Tumpe alitakiwa angoje dakika chache tu kabla ya kuondoka.

Nikapanda baiskeli mpaka Ngana. Nilimwomba radhi Ambakisye mbele ya mama yake, nikalia, sioni aibu kukuambia. Akanishika mkono, akasema yamekwisha. Jumatatu akarudi kazini, tukacheka kama zamani.

Jioni ile, kabla hajaondoka, akaniita. "Gwamaka, njoo ukague. Sijagusa kitu." Nikadhani ni utani. Kesho yake akaniita tena, akafungua boneti, akasimama kando na viganja wazi. Nikamsihi aache. "Ni mazoea tu," akasema, bila hasira yoyote. Mwanangu, alifanya hivyo kila jioni kwa miaka tisa, mpaka macho yake yalipochoka akaacha ufundi. Angenitukana ningepona mapema.

Basi nisikilize. Gari la nozeli likisumbua sailensi, usikimbilie skrubu. Liache lipate joto, ulisikilize kwanza. Na mtu ukimdhania, mwite siku hiyohiyo umuulize usoni, kabla hujaanza kumtegea, maana ukishaanza kumtegea hata usafi wake utauona ni ujanja. Usidhani utaomba radhi mambo yarudi yalivyokuwa. Utasamehewa, ndiyo, lakini mwenzio ataishi akikuonyesha viganja.

Kyala, Mungu wetu, akulinde, mwanangu. Akupe wenzako wa kufanya nao kazi, na akupe moyo wa kuwaacha waende nyumbani jioni bila kukaguliwa.