Meno Mazima ya Kariandusi

Kuna asubuhi moja ya miaka ya hamsini ambayo hainitoki, mwanangu. Niliondoka Nakuru bila kujua niendako. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, kazini sikukaa, na kila barabara niliyoiona nilitaka kujua inaishia wapi. Lori la maziwa likanibeba hadi karibu na Elmenteita, nikaendelea kwa miguu.

Fizi zangu zilikuwa zikitoka damu kila nikipiga mswaki wa kijiti, nami nikauacha, nikidhani kijiti ndicho kinachoniumiza. Sasa jino moja la mbele, la chini, lilikuwa limeanza kucheza. Nililisukuma kwa ulimi njia nzima.

Jioni nikafika Kariandusi, wanakochimba udongo mweupe. Vumbi lilimeza sauti ya viatu vyangu. Ndani ya mapango zilisimama nguzo za udongo, walizoziacha wachimbaji zishike paa. Watu wakatoka humo mmoja mmoja, weupe kuanzia nywele hadi vidole, kimya. Nikatema mate, nayo yakakaa mekundu juu ya ule weupe.

"Wee kijana, hiyo ni damu?" akauliza mzee mmoja kati yao.

"Ni mswaki, mzee. Lakini nimeshauacha."

"Umeuacha?" Akacheka, na mdomo wake ulikuwa shimo tupu. "Basi karibu kwa vibogoyo!"

Aliitwa Mzee Kiprono. Nilipomwambia sina pa kulala, alinipeleka chumbani kwake, akafungua mkebe, akanimwagia kiganjani meno yake yaliyong'oka. Nilitafuta tundu, sikuona hata moja. Yalikuwa mazima, mazuri, baridi.

"Hayakuoza," akasema, "wala hayakuniuma. Tulikuwa tukiyasugua kwa vumbi hili, wasichana watuone. Yaling'aa kweli! Kumbe vumbi linakwangua fizi, na uchafu umebaki kule chini, jino linapoingia kwenye fizi. Damu ilipoanza, nikafanya kama wewe. Fizi zikarudi nyuma, mfupa unaoyashika meno ukalika. Umeziona zile nguzo? Chimba udongo wa miguuni pake, nguzo itaanguka ikiwa nzima."

Meno yakagongana kiganjani mwangu. Nikayarudisha mkebeni.

"Kitanda kipo. Lakini mdomo huo kwanza."

Akachukua kijiti kipya, akaiponda ncha kwa jiwe, maana hakuwa na jino la kuitafunia. Akanipa na maji ya vuguvugu yenye chumvi. Damu ilitoka, nikasita. "Endelea," akasema, "polepole." Ndipo akanitandikia.

Baadaye daktari wa meno alinikwangua ukoga uliokuwa umegeuka jiwe, na jino likashika. Bado ninalo.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Fizi yenye afya haitoki damu. Ikitoka, usiuache mswaki; safisha taratibu pale jino linapokutana na fizi, asubuhi na kabla ya kulala, na katikati ya meno pia. Usitumie mchanga wala majivu. Maji ya chumvi hutuliza tu, hayaondoi ukoga mgumu. Damu isipokoma, au mdomo ukinuka, au jino likicheza, nenda kwa daktari, hata kama huumwi. Ugonjwa huu haupigi hodi. Tumbaku achana nayo, na mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi.

Mungu akujalie uzee wa kutafuna mahindi ya kuchoma kwa meno yako mwenyewe, wajukuu wakikuomba uwaachie kidogo.