Flashi Yenye Doa Jekundu

Mimi kompyuta nazijua sana. Nawasha mwenyewe, naandika mwenyewe, nazima mwenyewe. Kuzima, kusema ukweli, huwa nachomoa waya ukutani. Ndiyo maana Mama Bisibisi ananifahamu vizuri.

Saa tatu na nusu asubuhi, fundi huyu wa kompyuta amepiga magoti chini ya meza yake, tochi mdomoni, anatafuta flashi. Juu ya meza imelala laptopu ya mwalimu wa darasa la saba. Haijaamka tangu jana. Ndani zimo alama za wanafunzi mia na arobaini, na mwalimu mkuu anazitaka saa sita mchana.

"Si usahihishe upya?" namuuliza mwalimu.

"Karatasi nilisharudisha, bibi. Nyingine zimeshawashia jiko."

Mama Bisibisi anatoka chini ya meza na vumbi puani. "Alama zipo, mwalimu, diski ni nzima. Mashine ndiyo imesahau kuamka. Inataka flashi ya uokozi."

Flashi hiyo anayo. Tuseme, alikuwa nayo. Aliitia doa la rangi nyekundu ya kucha isichanganyike na nyingine, lakini haionekani. Sasa itabidi atengeneze mpya kwa flashi ya mwalimu, ambayo mwalimu alipewa bure kwenye semina.

Anaichomeka kwenye kompyuta yake. Programu inasema hakuna flashi.

Anahamia tundu la nyuma. Hakuna flashi. Anazima kompyuta, anawasha, tunasubiri kama tuko kliniki. Anafungua orodha ya diski: imo! Haina herufi tu ya kuitambulisha. Anaipa herufi. Inakaa kidogo, inatoweka.

"Unaiona hii?" ananigeukia. "Taa inawaka, yenyewe haipo. Kama mgeni anayebisha hodi halafu anakimbia!"

"Labda haijazoea," anasema mwalimu.

"Mwalimu, kaa."

Mama Bisibisi ana miaka hamsini na miwili. Alianza kwa kutengeneza mashine za taipu, akazikimbia zilipokosa wateja. Chumba hiki amekaa miaka kumi na tisa, na kwa siku hupokea mashine sita au saba. "Mashine hazinichoshi," anasema. "Wanaonichosha ni wenye mashine. Kila mmoja hajagusa kitu."

Ng'ambo ya ukuta wa mbao, mumewe, fundi viatu, anagonga soli huku redio yake ikiimba.

"Baba Watoto! Kweli hujaiona flashi yangu?"

"Jamani, mke wangu! Si nimekushikia tochi siku tatu nzima? Ningeiona ningekupa!"

Ndoto ya Mama Bisibisi, ananiambia huku akijaribu kuifuta flashi ya mwalimu nayo ikikataa kufutika, ni duka lenye mlango wake peke yake. "Na ukuta wa tofali," anaongeza. "Mnene."

Inagonga saa nne kamili. Redio zote za mtaa zinasoma habari. Ya fundi viatu inaendelea kuimba.

Mama Bisibisi anaweka bisibisi mezani. Polepole. Anazunguka ukuta. Wimbo unakatika katikati ya kiitikio.

Anarudi na flashi yenye doa jekundu. Mumewe nyuma yake, kiatu cha mtu mkononi.

"Nimeiokota leo asubuhi, chini ya benchi," anasema. "Nikasema niijaribu kwenye redio kama ni nzima, ndipo nikuletee."

Flashi inaingia kwenye laptopu, laptopu inakohoa, inaamka. Alama zote zipo, hadi za mtoto wa mwisho. Mwalimu anaikumbatia laptopu, anaiachia haraka anapoona namwangalia.

Mama Bisibisi ananakili alama kwenye ile flashi, anaihamishia kwenye kompyuta yake apate kuzichapa. Pembeni ya alama kuna folda nyingine: Nyimbo Tamu. Anavaa miwani.

"Leo asubuhi, umesema?"

"Leo hii hii. Haki ya Mungu."

Anageuza kioo kimwelekee mumewe, anaweka kidole kwenye tarehe nyimbo zilipoingizwa. Wiki tatu zilizopita.

"Sasa niambie, Baba Watoto," anasema. "Ile tochi ulikuwa unanimulikia nini?"