Babu wa Bi Eleni na Soda za Baba

Nikisikia harufu ya kahawa nzito ikichemka kwenye kijungu cha mpini mrefu, mimi hutoka nje mpaka leo. Mnisamehe, najua wenzangu harufu hiyo huwapa raha.

Tulikuwa tunakaa Doonside, ughaibuni kwenye nchi ya Wazungu. Baba, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, alichaguliwa kuwasemea Waafrika kwenye kamati ya mtaa. Majirani walitaka ukumbi tuliokuwa tukisalia ufungwe kwa sababu ya kelele. Baba akakubali ngoma zinyamaze saa mbili usiku, ili ukumbi ubaki. Jumapili iliyofuata wazee watatu wa kanisa wakaja nyumbani, nyuso zimekunjamana. Mama aliwawekea Fanta, hakuna aliyeigusa. Kwetu, mgeni akikataa kinywaji chako ameshakwambia yote.

"Baba Neema, njia mbili zilimshinda fisi," alisema mkubwa wao. "Uko na sisi ao uko na Wazungu?"

"Hata wao wananiuliza hivyo hivyo," baba alijibu. "Kwenye meeting wananiita troublemaker, mleta fujo."

Ndipo akaingia Bi Eleni, jirani yetu Mgiriki, na kahawa yake ya kila Jumapili. Baba alipomweleza kwa Kiingereza kulikoni, alirudi kwake akaleta picha ya babu yake aliyevaa tarbushi, kofia ya Kituruki. Wazee hawakujua Kiingereza, wala hawakutaka baba awatafsirie, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi, mtoto wa miaka kumi.

Babu huyo, Bi Eleni alisimulia, alikuwa mbunge Mgiriki katika bunge la Sultani wa Waturuki, kule Istanbul, akikaa na Waarabu na Waarmenia. Alizitetea shule za Wagiriki. Waturuki walimwita jasusi, na Wagiriki wenzake wakasema ameuza watu wake kwa kofia. Shule zikabaki wazi.

"Alipokufa," Bi Eleni alimalizia, "watu wake hawakuja kumzika."

Niliogopa wazee wasije wakaona hilo ni wazo zuri. "Alipokufa," nikatafsiri, "wote walikuja."

Baba, aliyekijua Kiingereza vizuri, alinitazama, akaiacha tafsiri yangu ilivyo, akanywa kahawa yake. Wazee wakaondoka, soda zote zimebaki na vizibo vyake.

Ukumbi upo mpaka leo, na wazee wale husali safu ya mbele. Baba husali sebuleni kwake. Kwa miaka mingi nilimkasirikia, nikidhani Mungu amemchosha. Nilishakuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba Jumapili ile alisikia bei yote ya kuwasemea watu wake, bila mkalimani, na Jumanne akavaa koti lake akaenda tena kwenye kamati.