Simu Juu ya Kichanja cha Kakao

Andongwisye wa kijiji cha Ipyana alikuwa na kakao, migomba, kuku wasiosikia la mtu, na programu moja ya simu aliyoiandika mwenyewe. Kakao alirithi kwa baba yake. Kuandika programu alijifunza kwenye video. Bando likikata, somo linaishia hapo hapo, ndiyo maana elimu yake ilikuwa na mashimo kama barabara ya kwetu. Lakini toka Njisi mpaka ziwani, nani mwingine alikuwa na kitu kama kile? Hakuna.

Kazi yake ni hivi, wenye vyeti wataeleza kwa maneno marefu. Simu ina faili dogo ndani yake inamojiandikia kasi ya prosesa, yaani mbio za ubongo wake. Programu inaipa simu hesabu nzito, inafungua lile faili, inasoma namba na kukuonyesha gigahezi. Boksi likisema mbili nawe ukaona moja, umepigwa.

Watu walimwamini. Shamsa mwenye duka la simu Kyela mjini alimwahidi meza kwenye kibaraza chake kuanzia Jumatatu, awapimie wateja mbele ya macho yao. Andongwisye aliitamani meza ile mpaka akaiota. Alishamwambia mkewe, na mkewe alishawaambia kwaya nzima.

Ijumaa, mvua zimeondoka na jua limerudi na hasira zake, jirani yake Jubilate akaja na simu mpya kutoka kwa Shamsa. Andongwisye alikuwa anageuza kakao aliyoianika juani. Akailaza simu juu ya kichanja, katikati ya kakao, kama alivyozilaza simu zote alizowapimia watu wiki ile, akawasha programu, akaenda kufukuza kuku. Kurudi, namba iko chini ya moja. Boksi linasema mbili.

Angeweza kunyamaza kwa ajili ya meza yake. Hakunyamaza, na hilo tumpe. Akasema feki. Jubilate akapanda bodaboda mpaka mjini, akalitangaza neno hilo kibarazani, wateja wamejaa.

Mchana Shamsa akapiga simu, sauti ya chini kabisa. "Mzigo wangu naujua, Andongwisye. Kati yako na hiyo programu, mmoja anadanganya. Nitafutie ni nani, kabla sijampa meza mtu mwingine."

Jubilate alikuwa amemrudishia simu ipimwe tena. Andongwisye akaingia nayo ndani, akaiweka juu ya kifuniko cha mtungi wa maji, ule wa udongo wa wafinyanzi wa Ikombe, akakaa kula ndizi. Programu inaendelea. Akatupa jicho: moja na nusu. Akameza tonge, akatazama tena: mbili.

Akairudisha kwenye kakao, namba ikashuka. Mtungini, ikapanda. Kumbe simu ikipata joto inajipunguzia mwendo yenyewe, kama mtu anayepalilia mpunga saa saba. Programu aliiandika wakati wa mvua, ndani ya nyumba, hakuliona hilo. Tena kulikuwa na faili la pili, la kasi ya juu kabisa, ambalo halibadiliki. Aliliruka kwa sababu namba za lile la kwanza zilikuwa zinacheza, na wateja wanapenda namba zinazocheza. Akalifungua sasa: mbili kamili.

Jumamosi akaenda na Jubilate. Njiani alitunga uongo mzuri kuhusu mtandao, ila alipomwona Shamsa ukamponyoka wote.

"Simu yako ni halali, dada. Niliipima juani, juu ya kakao."

"Jubilate alitangaza hapa kwa sauti," Shamsa akasema. "Na wewe tangaza kwa sauti hiyohiyo."

Akatangaza. Jubilate akachangia kwamba bahati yake simu haikufungwa kwenye gunia ikauzwa na kakao, na kibaraza kizima kikacheka. Shamsa hakucheka.

"Na zile nyingine za wiki hii? Ukishazipima upya zote, ndiyo uje."

Basi Ipyana wakamwona Andongwisye nyumba hadi nyumba, mtungi mdogo wa maji umefungwa nyuma ya baiskeli, anaomba kivuli na kutengua maneno yake mwenyewe. Jumatatu alifika mjini jua limeshainama. Meza ilikuwa bado ipo kibarazani, tupu. Shamsa alikuwa ameisogeza kivulini.

"Ndaga, dada," akashukuru kwa Kinyakyusa, akaanza kufungua kamba ya mtungi.