Mkate Uliobaki Kikapuni

Mwoka mikate wa hekalu la Abidosi, huko Misri ya kale, hajui kusoma hata jina moja kati ya majina ya wafalme wa kale yaliyochongwa ukutani. Lakini kila alfajiri huwaokea wote, kila mmoja mkate wake wa sadaka, maana mfu asiyetajwa jina hali chakula. Kila donge hulibonyeza kwa dole gumba lenye kovu la moto, akinong'ona, "Wewe, huu wako. Na wewe, huu wako." Leo kuhani kijana kasoma majina ya ukutani hadi mwisho, akitoa mkate kwa kila jina, na kikapuni umebaki mkate mmoja.

"Mzee, umezidisha!"

"Nizidishe miye? Umemruka mtu, baba. Rudi ukutani."

Makuhani wakaangua kicheko. Kijana akapitisha kidole jina kwa jina, mpaka kidole kikasimama kwenye jina aliloliruka na kicheko kikakatika. Mzee akauinua mkate kwa mikono miwili, sauti yake iliyokaushwa na moshi ikajaa ukumbi mzima:

"Haya, mwite ale, ungali moto!"