Dawa kwenye Uchanja wa Mbegu

Watu husema hospitali inanuka dawa. Hao hawajalala kwenye ile yetu ya Masisi. Yetu ilinuka maharagwe. Nyuma ya wodi kulikuwa na jiko la magardi-malade, yaani ndugu waliokuja kutunza wagonjwa wao, na tangu asubuhi akina mama waligombania kuni pale huku wakipeana chumvi. Mimi, mgonjwa wa sukari tangu usichana wangu, nilikuwa mwenyeji kabisa. Nilijua hata ni dirisha gani halifungi. Siku hizi nautamani moshi ule, nani angeamini?

Gardi wangu alikuwa Mama, mkulima wa mlimani, mfupi, mwenye mdomo. Muuguzi aliponiambia kwamba nitajichoma sindano ya insulini maisha yangu yote, ni yeye aliyeuliza, "Na nyumbani atarudia?" Swali hilo la kurudi lilikuwa langu, ila niliogopa jibu. Nilitaka kwetu, shamba letu, kwaya yetu ya Jumapili. Sikutaka kuzeeka wodini.

"Atarudia," muuguzi alisema. "Lakini hii dawa, Mama, uichunge sana. Jua isiione. Ikiharibika, mutoto anakufa."

Mama aliichunga. Kwetu kitu cha kuchungwa kina mahali pamoja tu: uchanja ulio juu ya mafiga, ambako mbegu za maharagwe hukaa moshini ili wadudu wasizile. Mbegu haiguswi hata njaa ikiwa imeingia nyumbani. Mama alikiweka kichupa changu katikati ya mbegu, akakifunika kwa jani la mgomba, akashuka ameridhika. Kweli jua halikukiona. Moto ulikiona kila siku.

Nikawa najichoma sindano kwa utiifu na bado nakonda. Nilikunywa maji kama ng'ombe, mwishowe miguu ikakataa. Wanaume wa kijiji wakanibeba kwa kipoyi, ile machela ya miti, wakiteremka matopeni na kunitania ili nisilale. "Huyu iko mwepesi," mmoja alisema. "Tulibebaka mbuzi muzito kumupita." Nilitaka kumtukana, nikakosa nguvu.

Hospitalini, muuguzi yuleyule aliuliza dawa ilikaa wapi. Mama akaeleza kwa fahari, uchanja, mbegu, jani na vyote. Wodi nzima ikacheka. Muuguzi hakucheka.

"Mama, dawa hii inaogopa joto. Umeipika! Ikiharibika tena, huyu hatarudia mulimani. Atabakia huku karibu na sisi."

 Mama alitoka kwenda jikoni, akalia mbele ya sufuria, na walipomuuliza akasingizia moshi. Nilimwonea huruma, na nilikuwa na hasira pia. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Kabla hatujaondoka, muuguzi alimwonyesha namna ya kufanya: chungu kidogo cha kutia dawa ndani ya chungu kikubwa, mchanga katikati, maji juu ya mchanga, kitambaa kibichi kifunike. Tangu hapo chungu kile kilikaa pembeni, mbali na moto, na kila asubuhi kilinyweshwa maji kabla mimi sijapata chai. Nililalamika. Mama akasema chungu hakina mdomo wa kuomba, mimi ninao.

Siku ya kurudi kupimwa, alikitoa kile chungu kidogo, akakizungushia kitambaa kibichi, akakifunga mgongoni kwa kitenge, ili kisigongwe wala kupigwa na jua. Wanawake tuliokutana nao njiani wakampongeza.

"Aksanti kwa kuzaa, Mama! Iko muke ao mwanaume?"

"Iko muke," alijibu bila kusimama, akanionyesha mimi kwa mdomo. "Na iko na kelele sana."

Nilinuna, halafu nikacheka mpaka nikakaa chini. Wodini, muuguzi aliingiza mkono chunguni, akausikia ubaridi, akanichoma kidole na kupima sukari. "Murudie kwenu," alisema. Hakuna neno la Kiswahili nililolipenda kuliko hilo.

Tulikaa kwetu misimu mingi. Sasa dawa yangu iko kwenye frigo, yaani jokofu, ya kituo cha afya, mjini, na Mama hayupo tena. Lakini kila ninapofungua kichupa kipya, namwona siku ile vita vilipopanda mlima wetu na kijiji kizima kikashika njia ya Sake.

Kwetu mtu anayekimbia anaweza kuacha godoro, hata mbuzi. Mbegu haachi. Anayeomba mbegu huonekana amekula zake, na Mama hakuwahi kuomba hata punje. Majirani walikwisha kujitwisha magunia yao. Mama alikuwa amezeeka, mgongo wake haukuweza kubeba mizigo miwili, na mimi wiki ile nilikuwa nasimama kwa kushika ukuta. Alinyoosha mkono kwenye uchanja, akazigusa mbegu kama mtu anayeaga, akaurudisha mtupu. Kisha akainama, akakifunga chungu mgongoni.

"Mama, mbegu!" nilipiga kelele.

"Mbegu tutaomba kwa watu," alisema, akikaza fundo la kitenge. "Weye, nitakuomba kwa nani?"