Bado Hajajua Mtama

Mwezi uliopita nilifikia hoteli moja ya Katoro, miongoni mwa zile zilizoota ghafla kwa fedha za dhahabu, zenye vigae mpaka ukutani na mabomba yasiyotoa maji. Pale mapokezi palining'inizwa tundu la ndege lililopakwa rangi ya dhahabu, na ndani yake ndege wadogo sita wenye midomo myekundu.

"Hawa wametoka nje, madam," mwenye hoteli aliniambia, akiuweka sawa mkufu wake. "Ndege wa urembo."

"Hawa ni kweleakwelea."

Alicheka kwa upole, kama anayemhurumia mgeni. "Kweleakwelea si wale wa mashambani, madam?"

Wewe msomaji, kama ulilelewa Usukuma, unawajua kweleakwelea, wezi wa mtama. Ndege hao hao tuliwatupia madongo mpaka mabega yakavimba. Sasa mtu ambaye nina hakika bibi yake aliwafukuza kwa kopo bovu anawaning'iniza mapokezi na kuniambia wametoka nje. Nimeishi na wasomi muda mrefu, nami ni mmoja wao, lakini ujinga wenye majivuno kiasi hicho sijaukuta hata kwetu.

Nilikuwa darasa la tano. Likizo ilipofika mama alinitoa mjini, Ngokolo, na kunipeleka kwa bibi, upande wa Songwa, ambako vifusi vya mgodi wa almasi vilionekana kwa mbali kama vilima vilivyosahauliwa kuoteshwa nyasi. Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege katika mtama. Kabla jua halijachomoza nilikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, nikivuta kamba zilizofungwa makopo. Makopo yalipiga kelele, kundi likainuka kama moshi, likazunguka, likatua upande wa pili. Mchana bibi aliniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, vimechemshwa pamoja na karanga. Tulikula huku macho yakiwa shambani. Tukizubaa, suke lililokuwa limejaa asubuhi lingebaki ufagio, na mtama ule ndio uliokuwa chakula cha bibi cha mwaka mzima.

Mpaka wetu ulikuwa mmoja na jirani aliyerudi kutoka machimbo ya Geita na koti la ngozi. Alilivaa juani, akalivaa msibani, akalivaa kupalilia, ingawa kupalilia kwenyewe alikufanya zaidi kwa mdomo. Ndiye aliyejiteua kuwa kiongozi siku wanaume walipokwenda kuvunja viota katika vichaka vya migunga. Alisimama kivulini akipuliza filimbi wakati wenzake wakichomwa na miiba, na jioni alikuwa wa kwanza kujaza ndoo yake makinda ya kukaanga.

Sisi watoto tulitumwa kuokota makinda. Niliokota kama wengine, bila huruma yoyote, na sitajisingizia huruma hapa. Ila kinda moja lilinibana kidole kwa mdomo wake laini na kukataa kukiachia. Nililitia mfukoni.

Nyumbani nilimtandikia kinda wangu pamba ndani ya kopo la kahawa na kumtafunia mtama. Aliutema. Nikatafuna tena, akatema tena, akalegea shingo. Siku ya pili bibi aliinua kifuniko. Nilidhani angemnyonga pale pale, na haki ingekuwa yake. Alimtazama mdomo, kisha akasema:

"Huyu bado hajajua mtama. Mpe panzi."

"Nikimpa panzi nitakaa naye?"

"Utakaa naye mpaka ajue mtama. Siku hiyo utanikabidhi."

Basi nikawa mlinzi wa ujinga wa ndege. Nilikamata panzi asubuhi na mchana, nikawang'oa miguu, nikawaponda, nikamlisha. Manyoya yalimjaa, akawa anaruka kutoka kopo hadi begani kwangu na kunivuta nywele. Lakini panzi hawakai juu ya dungu. Kila nilipoinama kwenye nyasi kuwatafuta, kamba zililegea, makopo yakanyamaza, na kundi likatua. Kona ya shamba upande wa mpaka iliisha nikiwa nimeshika panzi mkononi.

Jirani ndiye aliyeiona kwanza. Alikuja mpaka uani, koti mwilini.

"Shikamoo, mama. Nasikia kwako siku hizi mwizi anapikiwa."

"Marahaba. Huyu walau anakula panzi. Wewe umeshamaliza kupalilia?"

"Wewe mchekee tu mjukuu wako wa mjini. Mtakuja kuniomba unga."

Bibi alikwenda kuitazama ile kona, akarudi, akanipakulia ugali kama kawaida. Tangu siku hiyo kila jioni aliniuliza swali moja: "Ameshajua mtama?" Nami nilijibu, "Bado, bibi." Mara tatu za mwisho nilidanganya. Nilikuwa nimemwona akiokota punje chini ya kinu, akiizungusha mdomoni, akatema kapi na kumeza kiini, bila kufundishwa na yeyote.

Jioni ya nne bibi hakuuliza. Alitia mkono ndani ya kopo, akatoa makapi machache, akayapuliza kutoka kiganjani mbele ya uso wangu.

"Lete ndege."

Nililia mpaka kwikwi. Alimshika ndani ya ngumi, kichwa tu kikiwa nje, akatembea mbele nami nikimfuata. Tulipita dungu, tukapita ile kona iliyoliwa, tukafika mpakani. Hapo akanyoosha mkono juu ya mtama wa jirani, uliokuwa umesimama umejaa, akafungua vidole.

"Nenda," alimwambia ndege. "Kale kwa mwenye unga."

Alitua kwenye suke la kwanza. Bibi aligeuka akaenda kusonga ugali, na hatukumzungumzia tena.

Bibi ametangulia. Wajomba waliliuza shamba kwa mtu wa kufyatua matofali; walihitaji sahihi yangu, nami niliitoa haraka kwa sababu nilikuwa na kikao. Nikiwadharau wao, naanzia kwangu.

Asubuhi ya kuondoka Katoro nilimuuliza mwenye hoteli ndege wake wanakula nini. Alinionyesha pakiti yenye picha ya kasuku. "Chakula maalumu, madam." Ndani mlikuwa na mtama. Nilimimina kidogo kiganjani nikaupitisha kati ya vyuma. Mmoja alikuja, akazungusha punje, akanitemea kapi mkononi.

"Wameshajua," nilisema.

"Wamejua nini, madam?"

Mlango wa tundu ulifungwa kwa uzi tu. Ningeweza kuufungua alipogeuka kupokea simu. Lakini ndege akifunguliwa lazima atue kwenye mtama wa mtu, na mwenye hoteli yule mwenye majivuno hakuwa na shamba; ingeliwa kona ya bibi wa mwingine. Niliuvuta uzi ukakaza, nikamrudishia pakiti yake.